Kuyapanga Upya Maisha Yaliyovurugika: Mwongozo kwa Baba wa Makamo wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamume mwenye umri wa miaka 40 hadi 55, anayeishi mahali fulani kati ya Iringa na Tunduma, ambaye mambo yake yamemponyoka. Anadaiwa huku na kule, kazi yake inakwenda kwa kusuasua, nyumbani huingia usiku watoto wakiwa wamelala, na jioni nyingi humkuta kilabuni au kijiweni akieleza jinsi mwaka ujao utakavyokuwa tofauti. Yote hayo hutengenezeka, ila hutengenezeka kwa mpangilio, na mpangilio ndio unaowashinda wengi. Mwanamume wa umri huu akiona heshima yake imeshuka hutaka kuirudisha kwa mkupuo mmoja: hukopa ili anunue bodaboda, au huuza kiwanja ili alime ekari tano za viazi Isongole, akiamini kwamba faida ya msimu mmoja itawanyamazisha wanaomdai na wanaomsema. Msimu ukienda mrama, anabaki na madeni ya zamani, madeni mapya, na bila kiwanja. Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa chini zimeupeleka mradi mpya mwishoni kabisa, na kabla yake zimeweka mambo madogo ya kuchosha ambayo hayampi mtu sifa yoyote mtaani.

Kuhusu wakati wa kuanza, anayeweza kuchagua na achague Agosti. Mahindi yameshavunwa, chakula kipo ndani, na msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi), ambao hupamba moto wakati wa mvua, umeshapita. Hata hivyo, mtu anayesoma maneno haya mwezi Februari akajiambia kwamba atasubiri Agosti anajidanganya, na aanze juma hili hili.

Hatua ya kwanza: Pima afya, hasa kama unakunywa kila siku

Wengi huanza kwa kuapa kwamba kuanzia kesho hawagusi pombe. Kwa anayekunywa mwishoni mwa juma tu, kiapo hicho hakina madhara. Lakini kwa yule ambaye kwa miaka kadhaa hajalala bila ulanzi, komoni, gongo au pombe kali ya dukani, na ambaye kila asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo cha kuzimulia, kuacha ghafla akiwa peke yake chumbani kunaweza kumuua. Mwili uliozoea pombe hushtuka unapoikosa. Kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, kutokwa na jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa, huona vitu ambavyo havipo na hupandwa na homa. Hali hiyo hutafsiriwa haraka kuwa amerogwa, na muda wa kumwokoa unapotea njiani kwenda kwa mganga.

Kama uko katika kundi hilo, nenda kwanza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, umweleze daktari bila kupunguza: unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na unaanza saa ngapi. Zipo dawa zinazotolewa kwa siku chache ili kuutuliza mwili, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wa muda mrefu huipungukiwa. Dawa hizo zinahitaji usimamizi, wala si za kununua dukani kwa kubahatisha. Anayeona hali yake ni nzito aombe rufaa ya kwenda kwenye huduma za afya ya akili. Kwa ukanda huu zinapatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ukiwa hapo hapo, pimwa sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa shinikizo la 140/90 au zaidi, likirudiwa kupimwa na kubaki hivyo, linahitaji kufuatiliwa na daktari, nalo hukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote.

Makete na Njombe utasikia ikisemwa kwamba bila kinywaji baridi ya Juni na Julai haivumiliki. Ukweli wa mwili ni kinyume chake: pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akahisi joto huku joto lake la ndani likitoka nje, na ndiyo maana mlevi aliyelala kando ya njia usiku wa Julai yumo hatarini zaidi kuliko mtu ambaye hajanywa. Koti zito na chai ya tangawizi hutosha.

Hatua ya pili: Andika madeni yote mahali pamoja

Nunua kaunta buku. Usitumie simu, kwa kuwa simu hiyo hiyo ndiyo yenye ujumbe wa wadai na mikeka ya kubeti, na ukiifungua ili uandike deni utajikuta unafanya jambo jingine. Chora safu sita: jina la anayekudai, kiasi ulichokopa, kiasi ulicholipa, kiasi kilichobaki, kilichowekwa dhamana, na ya mwisho, ambayo wengi hawapendi kuijaza, mara ngapi umemwahidi mtu huyo tarehe usiitimize.

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa Mafinga. Mtu huyu akiulizwa anadaiwa kiasi gani hujibu kwamba ni “kama milioni mbili hivi”, na uzito wa hizo milioni mbili humfanya asianze kulipa hata shilingi moja. Akikaa chini na daftari anakuta hivi: mkopo wa kausha damu, yaani ule wa riba kali unaorejeshwa kila siku, umebaki 140,000, muuza mbao anamdai 480,000, shemeji yake 150,000, duka la jirani 63,000, na mteja mmoja aliyetoa kianzio cha kitanda na kabati, ambavyo havijaguswa, 350,000. Jumla ni shilingi 1,183,000. Bado ni fedha nyingi, lakini ni chini ya theluthi mbili ya ile iliyokuwa inamkosesha usingizi. Angalia pia kwamba deni la mwisho halikuwa kichwani mwake kabisa. Mafundi wengi hawahesabu kianzio cha mteja kuwa deni, ilhali ndilo deni linalomwaga sifa mbaya kuliko yote, kwa maana mteja aliyeliwa fedha husimulia kanisani, sokoni na kwenye daladala.

Baada ya kuorodhesha, panga nani wa kulipwa kwanza. Mimi hupendelea utaratibu ufuatao, ingawa wapo watakaobisha. Linalotangulia ni deni linaloongezeka lenyewe au lililoshika kitu cha nyumbani. La pili ni kianzio cha mteja, kwa kuwa kikimalizwa kwa kazi kinafungua mlango wa kazi nyingine. Kisha vile vidogo vya dukani vinavyoweza kufutwa ndani ya mwezi mmoja, vikupe nafasi ya kupita mbele ya duka bila kuinamisha kichwa. Ndugu huja mwisho kulipwa, lakini huwa wa kwanza kuelezwa, ili wasidhani umewasahau.

Mkopo wa kausha damu unastahili maneno ya ziada. Ukikopa 200,000 na kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26, umelipa 260,000, yaani umeongeza asilimia 30 kwa muda usiofika mwezi. Mtu hawezi kuilipa riba ya namna hiyo kwa faida ya useremala wala ya genge la nyanya, hivyo hukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, na hapo ndipo mzunguko unapomfunga. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Uliza leseni, dai nakala ya mkataba, na usimwachie mtu yeyote kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Mikopo ya kwenye simu nayo iangaliwe hivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kanuni ya hatua hii ni kwamba hakuna mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani, hata kama mwenye kuutoa ni rafiki.

Hatua ya tatu: Wafuate wanaokudai kabla hawajakufuata

Nenda asubuhi, ukiwa hujanywa, ukiwa peke yako. Usipige simu, maana mdai aliyezoea kuongopewa kwenye simu hasikii tena maneno yanayotoka humo. Beba daftari na fedha kidogo, hata kama ni 20,000 tu. Mazungumzo na mama anayeuza mbao, ambaye kiumri ni kama mama yako mdogo, yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Leo umepotea njia?”

“Hapana mama, nimekuja kwako. Deni lako ni 480,000. Nimeliandika hapa, tafadhali liangalie kama nimekosea. Leo nina 20,000.”

“Na iliyobaki? Maana umeshaniahidi, baba, mpaka nimechoka.”

“Ni kweli, mara sita, nazo nimeziandika. Sitakuahidi tena tarehe ya kumaliza. Kila Jumamosi kabla ya saa 6 mchana nitakuletea 15,000, na Jumamosi nitakayokosa nitakuja mwenyewe nikueleze.”

Yapo mambo matatu katika maneno hayo. Anayedaiwa ametaja kiasi kabla ya kutajiwa, amekiri ahadi alizovunja bila kujieleza kwa misiba na magonjwa, na ametoa kiwango kidogo ambacho anaweza kukitimiza. Kwa 15,000 kila juma, deni hilo litachukua majuma 31, yaani zaidi ya miezi saba. Mama yule anaweza kununa, na pengine akataka 30,000. Usikubali kiwango usichokiweza kwa sababu ya aibu ya dakika ile, kwa kuwa Jumamosi ya tatu utaanza tena kupita njia ya nyuma. Kila unapolipa, mwombe atie saini kwenye daftari lako. Mwenye kudai akikataa kabisa na kutishia kuja kuchukua vyombo, nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, mkaandikishane mbele yake.

Hatua ya nne: Fedha itangulie kufika nyumbani

Saa za hatari kwa mwanamume wa aina hii ni kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Mchana ana kazi, usiku ana usingizi. Hapo katikati ana fedha mfukoni, uchovu, na marafiki wanaomsubiri. Badala ya kutegemea nguvu ya moyo saa hizo, hakikisha kwamba saa 11 ikifika mfuko uko mtupu.

Namna ya kufanya ni hii. Kabla ya kufunga karakana au kibanda, keti kwenye benchi, hesabu mapato ya siku na uyaandike. Yagawe mafungu matatu: la nyumbani, la madeni, na la kuendeshea kazi ya kesho kama misumari, gundi, au mzigo mpya wa sokoni. La nyumbani litume kwa simu kwa mkeo papo hapo, kabla hujafunga kufuli. La madeni liende kwenye kibubu kilichopigiliwa misumari au kwenye laini ya simu ambayo namba yake ya siri anaijua mtu mwingine. Unabaki na nauli. Ukilipwa fedha nyingi kwa mkupuo, kwa mfano baada ya kukabidhi milango ya nyumba nzima, usipokee jioni. Mwombe mteja akulipe asubuhi ya siku inayofuata.

Badilisha na njia. Fundi wa Sido, jijini Mbeya, anayeishi mtaa wa Isanga hana sababu ya kupita kilabuni isipokuwa mazoea, na mazoea hayo hayavunjwi kwa kupita pale pale kila siku ukiwa umekaza shingo. Tafuta kazi ya mikono inayokusubiri nyumbani saa hizo: kukata majani ya ng'ombe, kupasua kuni, kurekebisha banda la kuku, kumwagilia mboga. Kazi hiyo iwe na mtu au mnyama atakayeonekana kukosa kitu usipofika. Marafiki wa kilabuni usiwatukane wala kuwahubiria. Waambie daktari amekukataza. Huo ni ukweli ikiwa ulifuata hatua ya kwanza, na ni jibu wanaloliheshimu zaidi kuliko habari za kuokoka kwa siku tatu.

Kubeti kunahitaji ukali zaidi ya pombe, kwa kuwa hakuna anayenusa harufu yake. Futa programu, iombe kampuni iifunge akaunti yako, na usikae na salio kwenye laini iliyounganishwa na mchezo huo.

Hatua ya tano: Nyumbani

Usiitishe kikao cha kuomba msamaha. Mke aliyeishi miaka 15 na mume mwenye vurugu ameshasikia misamaha ya kila aina, mingine ikiwa na machozi, na moja zaidi haitamwongezea kitu. Subiri mpaka umekwisha kulipa majuma manne mfululizo, kisha mwonyeshe daftari lenye saini. Mwambie: “Mama fulani, haya ndiyo madeni yote, hakuna jingine nje ya haya. Nisaidie kuangalia kama ninaenda sawa.” Akijibu kwa ukavu, au akasema ataamini atakapoona, yuko sahihi, na wewe endelea kutuma fedha kila jioni. Imani hurudi polepole kuliko fedha, na kwa maoni yangu mwaka mzima si muda mrefu.

Kama umewahi kumpiga mkeo au watoto, jambo hilo litangulie yote katika hatua hii. Kubaliana naye waziwazi kwamba hasira ikipanda wewe ndiye unayetoka nje, na mtafute mchungaji, shehe, mshauri wa hospitalini au afisa ustawi wa jamii utakayekutana naye kwa zamu maalumu. Mkeo naye ana haki ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kumkasirikia kwa kwenda huko ni kuendeleza kosa lile lile.

Ikiwa mmeshatengana, usitume wazee wakamrudishe kwa nguvu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi, na shauri la talaka kwa kawaida hupita huko kabla ya kufika mahakamani; nenda ukiwa na rekodi ya matunzo uliyotoa, maana hapo maneno matupu hayana uzito. Sheria hiyo hiyo inakuzuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wako, kwa hiyo yule dalali anayekunong'oneza kwamba saini yako peke yake inatosha anakuingiza katika kesi. Kama una mtoto nje ya ndoa, mwandike kwenye daftari kama wajibu wa kila mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua na inakudai matunzo yake, na siri hiyo, ikiwa bado ni siri, ni afadhali mkeo aisikie kwako kabla hajaisikia kisimani.

Kwa watoto wa shule, usijifiche nyuma ya kisingizio cha ada. Tangu mwaka 2016 shule za serikali za msingi na sekondari za kidato cha kwanza hadi cha nne hazitozi ada. Kinachokosekana nyumbani kwako ni sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula cha mchana, ambavyo vyote hudaiwa Januari, mwezi ambao mahindi ghalani yanapungua na mbolea inahitajika shambani. Anza kuweka kidogo tangu Septemba. Halafu nenda kwenye kikao cha wazazi, ukae mpaka kiishe. Mtoto wa darasa la sita hasahau baba yake alipoonekana pale.

Hatua ya sita: Michango

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Kati ya Julai na Septemba kadi za harusi hufuatana, kila kundi la simu lina kamati, na mtu mwenye madeni ya milioni moja huahidi 50,000 ili asionekane amechoka. Tofautisha harusi na msiba. Harusi nyingi unaweza kuziandikia ujumbe wa heshima kwamba mwaka huu hutaweza, na baada ya juma moja kamati imeshakusahau. Msiba usikose kamwe, maana huku kwetu asiyezika wenzake hupata taabu siku yake ikifika. Lakini msiba unapokea hata nguvu: fika mapema, shika jembe kaburini, pasua kuni, beba maji, kesha. Wazee wanahesabu nani alikuwa na tope kwenye viatu kuliko nani aliandikwa kwenye karatasi ya rambirambi.

Hatua ya saba: Rudi kwenye kazi unayoijua

Mwanamume wa miaka 47 aliyewahi kuwa fundi mzuri, dereva, au mnunuzi wa mpunga Igurusi, anao mtaji ambao kijana hana: watu wanaomjua na jicho lililozoea. Biashara ngeni itamla. Malizia kwanza kazi za watu zilizolala, kwa kuanza na ile ya mteja anayelalamika sana, hata kama haitakuingizia shilingi. Kianzio kipya usikiguse kwa matumizi ya nyumbani. Nunua vifaa siku hiyo hiyo na umwonyeshe mteja risiti. Taja tarehe ya kukabidhi ukiwa umeongeza siku tatu juu ya unazodhani zinatosha.

Wakati huo huo kusanya nyaraka zako: kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva (uihuishe kama imeisha muda), hati au makubaliano ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ziweke kwenye bahasha moja nyumbani.

Hatua ya nane: Ukianguka

Wengi wataanguka angalau mara moja, na mara nyingi itakuwa Januari hadi Machi, mvua ikinyesha, ulanzi ukiwa tele na fedha zikiwa zimekwenda kwenye mbolea na shule. Kinachoharibu ni siku zinazofuata usiku ule. Mtu aliyelewa Ijumaa huona haya, haendi kwa mama wa mbao Jumamosi, Jumapili anakunywa tena kwa sababu ya haya, na kufikia Jumatano ameshaamua kwamba yeye ni wa hivyo tu. Kwa hiyo weka sharti moja: asubuhi ile ile andika kwenye daftari ulitumia kiasi gani, umweleze mkeo au mtu mwingine mmoja uliyemchagua mapema, na ufike kwenye miadi iliyofuata hata kama huna fedha ya kupeleka. Ukirudia kunywa kila siku kwa muda, rudi hospitali kabla ya kuacha tena. Onyo la hatua ya kwanza linakuhusu upya.

Hatua ya tisa: Kikundi, kisha mradi

Baada ya miezi sita ya malipo yasiyokatika, tafuta kikundi cha kuweka na kukopa kilicho mtaani kwako na kilichosajiliwa. Vikundi vingi vya VICOBA vina wanachama kati ya 15 na 30 wanaonunua hisa kila juma, na vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Faida kubwa ya kikundi kwa mtu wa aina yako ni macho ya watu 20 yanayokutazama kila juma ukiweka hisa. Kwa mzunguko wa kwanza nunua hisa tu, usikope.

Mradi wa kwanza uwe mdogo hadi uone aibu kuusimulia. Ukipenda viazi mviringo, kodi robo ekari. Ekari nzima huhitaji takriban kilo 800 za mbegu, na mvua ikikaza utapiga dawa ya ukungu tena na tena, la sivyo shamba litakauka kama limemwagiwa maji ya moto. Robo ekari itakufundisha gharama hizo kwa kiasi ambacho hasara yake haitakurudisha kwa wakopeshaji. Wakati wa kuuza kataa lumbesa. Gunia halipaswi kuzidi kilo 100, na kilemba kile cha juu ya gunia ni faida yako inayoondoka na lori. Miti ya mbao ni nzuri kwa mwenye subira na mbaya kwa mwenye madeni, maana anayedaiwa huishia kuiuza ikiwa michanga, kwa bei ya mnunuzi.

Parachichi za Hass, ambazo zimewavuta wengi Rungwe na Njombe, huanza kuzaa vizuri karibu na mwaka wa tatu, kwa hiyo zinamfaa mtu ambaye madeni yake yamekwisha na anayekula kutokana na kazi nyingine. Ukifika hapo, anza na miche 10 kando ya nyumba, utakapoweza kuiona kila asubuhi. Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 mwezi Oktoba, yapishane mita 6 hadi 7, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, uyaache yatulie. Nunua miche iliyobebeshwa kutoka kwenye kitalu kinachofahamika, uipande mvua za kwanza zikishalowanisha ardhi, na gharama yake uiandike kwenye daftari lile lile, kwenye ukurasa unaofuata ule wa madeni.